Upanga Uliorudi Alani

Benchi lenyewe ni mbao mbili za kitanda kilichovunjika, zimelazwa juu ya matofali mbele ya banda la Cheche, pale barabara ya duka la dawa inapopinda kuingia uchochoro wa mafundi. Cheche ananoa visu, makasi, mashoka na chochote chenye makali, na jina lake limetokana na zile cheche zinazoruka kwenye jiwe lake la kunolea. Wa pili ni Redio, mstaafu wa stoo ya reli, ambaye huzimika akilala tu. Wa tatu ni Mapazia, fundi cherehani aliyekuja siku moja kunoa mkasi akasahau kurudi dukani kwake. Kahawa ni ya Shangazi, ambaye si shangazi wa mtu yeyote pale, ila hakuna anayethubutu kumwita vingine. Benchi lina sheria moja, haijaandikwa popote: mgeni akisimama, uongo wa mwenzako hauharibiwi, unaongezewa chumvi. Wameishi kwa sheria hiyo miaka na miaka, wamecheka mpaka mbavu zikauma, na hakuna aliyedhurika. Kisha ikaja asubuhi ambayo Cheche alifika kufungua banda akakuta upanga umeegemezwa mlangoni, umo ndani ya ala yake.

Hakuliwasha jiwe. Alikaa kwenye benchi, akaulaza upanga mapajani, na mpini hakuugusa. Wingu lilikuwa limeshuka chini sana, mtaa mzima una mwanga wa kijivu, na wapita njia walikuwa wachache kuliko kawaida. Wa kwanza kutokea akawa Redio.

— Leo jiwe limelala? alisema Redio. — Nimetoka kona ile sisikii kelele, nikadhani umehama.

— Kaa kwanza, mzee.

— Huo si ule wa Mpangaji?

— Ndio wenyewe.

— Ameurudisha? Anasema haukati?

— Sijamwona. Nimeukuta mlangoni.

Redio aliutazama mpini, akaitazama ala mpaka chini.

— Umeingia wote, alisema mwishoni.

— Wote.

— Na sisi tulimwambia…

— Najua tulimwambia nini.

Ilikuwa hivi. Wiki iliyopita alifika bwana mmoja mpole, mgeni mtaani, ambaye walimpachika jina la Mpangaji kwa kuwa hakuna aliyemuuliza lake. Alikuwa amepanda darini kutafuta mahali mvua inapopenyea, akakuta upanga umeviringishwa kwenye gunia, hajui wa nani. Kutu ilikuwa imeugandisha ndani ya ala ya mti, hautoki. Cheche aliuzamisha na ala yake kwenye pipa la maji, akauacha humo ulowe usiku kucha, kesho yake akaibana ala kwenye jiliwa akauvuta mpaka ukatoka. Akaupitisha tupa, akaunoa, akaupaka mafuta, ukang'aa. Ndipo alipotaka kuurudisha. Ukaingia nusu, ukagoma. Akasukuma, ukagoma. Mpangaji akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza tu, mbona haurudi. Na swali la mgeni pale kijiweni ni sawa na kumtupia paka samaki.

Shangazi alifika na birika lake, Mapazia nyuma yake na utepe wa kupimia shingoni. Wote wawili waliuona upanga kabla hawajasalimia.

— Msinitazame mimi, alisema Mapazia. — Mimi sikuanza.

— Aliyeanza ni Redio, alisema Shangazi.

— Mimi nilianza na ile ya jiwe, alisema Redio. — Upanga umechomekwa kwenye jiwe, wababe wote wa nchi wanavuta mpaka mishipa ya shingo inasimama, haung'oki. Anakuja kijana ambaye kazi yake ni kutumwa tumwa, anauchomoa kama anatoa kijiko kwenye sukari, anakuwa mfalme. Hadithi ya heri hiyo. Nilimpa moyo yule bwana.

— Ukamalizia na nini? aliuliza Cheche.

— Nikamalizia na ziwa.

— Sema yote, mzee, usituonee haya leo.

— Kwamba mfalme yule alipokuwa anakata roho aliagiza upanga ukatupwe ziwani. Ukatupwa. Mkono ukatoka majini, ukaudaka, ukautikisa hewani, ukazama nao. Mkono tu, mwenyewe hakuonekana. Sasa hilo nalo ni kosa langu? Mfalme alikuwa anakufa kwa mambo yake mengine.

Cheche aliikumbuka siku ile vizuri. Kwenye hadithi ya jiwe Mpangaji alicheka nao. Kwenye mkono aliacha kucheka, na wao ndio kwanza walikuwa wanapasha moto.

— Mimi nilileta ya nyoka, alisema Mapazia. — Yule wa vichwa vinane. Jamaa anamlewesha kwa mapipa ya pombe, pipa moja kwa kila kichwa, analala, jamaa anamkatakata. Kufika mkiani, upanga wake unapiga kitu kigumu, unapata pengo. Anapasua mkia, anakuta humo ndani kuna upanga mwingine. Fundi, hiyo wewe mwenyewe uliipenda.

— Niliipenda, alisema Cheche.

— Uliuliza pengo lilikuwa kubwa kiasi gani.

— Niliuliza. Endelea. Baada ya nyoka ulisema nini?

Mapazia alianza kuuvingirisha utepe wake kidoleni, akaufungua, akauvingirisha tena.

— Ile ya wafua chuma wadogo wanaoishi chini ya miamba. Mfalme aliwakamata, akawalazimisha wamfulie upanga usioshika kutu wala kukosa shabaha. Wakafua. Ila wakatia na lao humo ndani. Kwamba kila ukichomolewa, haurudi alani mpaka unywe damu ya mtu.

— Na yule bwana akatazama mikono ya fundi, alisema Shangazi. — Nusu ndani, nusu nje.

— Shangazi, hadithi ni hadithi. Sikuitunga mimi, nimeikuta.

— Hii ya wafua chuma umeikuta. Ile uliyoiongezea mkiani, nayo uliikuta wapi?

Cheche akamjibia Mapazia, maana tangu alfajiri maneno yale yalikuwa yanamzunguka kichwani.

— Ulisema ukiachwa uchi ndani ya nyumba, unachagua wenyewe. Na unaanza na mdogo.

— Nilisema kumchangamsha tu.

— Ana mtoto mchanga, alisema Shangazi. — Aliniambia mimi. Nilimmiminia kahawa, akaishika mkononi mpaka ikapoa, akanirudishia kikombe kimejaa. Nyie mlikuwa mnagongana viganja.

Baiskeli ya muuza mkate ilipita ikipiga kengele. Redio alijaribu kujitoa.

— Lakini tuseme ukweli. Sisi nani anatuamini? Hata mke wangu nikimwambia mvua inanyesha anatoka nje kuhakikisha. Yule bwana hakutuamini sisi. Alimgeukia fundi.

Hilo ndilo lililokuwa linamla Cheche. Baada ya kelele zote Mpangaji alimgeukia yeye, mwenye tupa mkononi na mafuta kwenye vidole, akamuuliza kwa heshima: ni kweli, fundi? Na Cheche alijua. Alijua mti umelowa usiku kucha, umevimba, unahitaji siku kadhaa za kukaa kivulini mahali penye upepo, basi, utaingia wenyewe. Alijua pia kwamba asingeiloweka ala yote kama angekuwa na subira ya kuidondoshea mafuta ya taa kidogo kidogo. Kulisema hilo mbele ya mteja ni kukiri kazi mbovu. Kulisema mbele ya benchi ni kuvunja sheria. Wenzake walikuwa wamebana midomo wasicheke, wanamsubiri yeye tu. Akakunja uso kama mtu anayejua mengi, akasema: ndivyo wanavyosema wazee wa kazi hii. Mpangaji akauchukua upanga uchi, na ala yake pembeni, akaondoka.

— Ala ilikuwa imevimba, aliwaambia sasa. — Niliiloweka mimi. Ni maji tu. Hakuna kingine.

Mapazia aliinua kichwa.

— Kumbe ulikuwa unajua?

— Nilikuwa najua.

— Na hukusema?

— Mbele ya mgeni?

Hapo kila mtu akatafuta kikombe chake. Redio alikuwa wa kwanza kupumua.

— Basi yamekwisha, bwana. Mti umekauka, upanga umeingia, jamaa ameona ni uzushi, ametutupia mlangoni kwa hasira. Ningekuwa mimi ningeutupa na matusi juu. Shangazi, mimina.

Na kweli, kwa muda mdogo benchi likarudi kuwa benchi. Shangazi alimimina, Mapazia alinyoosha miguu. Cheche alitamani mambo yaishie hapo. Lakini mkono wa fundi una mazoea yake, hauwezi kukaa na chombo bila kukichunguza. Akashika mpini kwa mara ya kwanza, akauvuta. Ulitoka taratibu, bila mlio wowote, na ulikuwa msafi.

Alipitisha kidole kwenye bapa, akakinusa. Akapitisha tena.

— Nini? aliuliza Shangazi.

— Niliupaka mafuta mazito. Mafuta yale hayatoki kwa kufuta na kitambaa, hata ufute kutwa.

— Kwa hiyo?

— Yametoka. Umeoshwa kwa sabuni. Na aliyeuosha alikuwa na haraka, hakuukausha. Tazameni hapa karibu na mpini, kutu imeanza.

Walisogeza vichwa. Kweli palikuwa na ukungu mwembamba wa rangi ya chungwa, wa leo leo. Nyuma ya duka la dawa, upande anaokaa Mpangaji, kuna bomba la watu wote, na kipande cha sabuni hakikosi juu ya tofali lake. Wote walilifikiria bomba lile.

— Kuku, alisema Mapazia haraka. — Amechinja kuku. Ametuamini, sawa, amechinja kuku, upanga umeingia, ameuosha, ameurudisha. Mtu mwenye akili anaanza na kuku.

— Upanga haukubali kuku, alisema Redio.

— Nani kasema?

— Hadithi. Umesema mwenyewe, damu ya mtu. Kama ungekubali kuku, mfalme gani angeogopa? Wangefuga tu mabanda mawili matatu ya kuku yakaisha.

— Redio, alisema Shangazi.

— Nasema tu. Tena kuna jambo jingine. Huenda huu si wa wale wafua chuma kabisa. Kuna mhunzi mmoja aliagizwa panga na mfalme, chuma kikakataa kuyeyuka. Makaa yanawaka, mivukuto inapuliza, chuma kimekaa kimya. Siku zinakatika, na mfalme ameahidi kumkata kichwa. Mkewe akaangalia tanuri, akaangalia mumewe, akajitupa humo. Chuma kikayeyuka. Zikatoka panga mbili, jike na dume. Na wanasema ukizitenganisha, mmoja unalia ndani ya sanduku lake, watu wa nyumba wanasikia, hawajui nini kinacholia.

— Ndiyo maana umekuja wenyewe hapa, alisema Mapazia, na sauti yake haikuwa ya mzaha tena. — Unatafuta mwenzake. Fundi, humo ndani una vyuma vingapi usivyovijua vilikotoka?

Cheche alijikuta anageuka kulitazama banda lake. Mle ndani gizani kulikuwa na rundo la vyuma vya miaka mingi, vingine vimeachwa na wateja ambao sura zao hazikumbuki. Akajichukia, maana aliona wazi kinachotendeka: hata wakiwa na hofu, hawawezi kuacha. Mmoja anaweka tofali, mwingine anaongeza lake, na nyumba wanayoijenga wanamwachia mtu mwingine akalale humo.

— Na mimi ninayo moja, alisema Shangazi.

Wote walimgeukia. Shangazi haongezi chumvi, yeye huchekea pembeni na kukusanya vikombe.

— Mfalme alikuwa na rafiki anayemwonea gere. Kila siku: wewe una raha, wewe una raha. Mfalme akamkalisha kwenye kiti chake, akamwandalia meza, nyama, matunda, wapiga muziki. Juu ya kiti akaning'iniza upanga kwa unywele mmoja wa farasi. Yule rafiki alipoinua macho akauona. Chakula kikamshinda kumeza. Akakaa pale anatoka jasho, hawezi kusimama, hawezi kula. Hadithi inaisha hivyo.

— Ukamwangukia? aliuliza Mapazia.

— Haukuanguka. Haukumgusa hata ngozi. Upanga haukufanya kitu, na yule mtu alikwisha.

Cheche aliurudisha upanga alani. Uliingia wote mpaka mwisho, laini mno, na alichukia jinsi ulivyoingia.

— Nakwenda kwake, alisema. — Nitamweleza ni maji. Nitamwambia mbele ya mkewe, mbele ya majirani, mbele ya yeyote. Nyumba yake ni ipi?

— Kule nyuma ya duka la dawa, alisema Mapazia.

— Nyuma huko nyumba ni nyingi. Ipi?

— Yenye dari inayovuja.

— Mapazia.

— Sijui, fundi. Hatukuuliza.

— Jina lake?

Wakatazamana. Walikuwa wamemjua kwa wiki nzima, wamemsimulia kwa kila aliyepita, wameigiza mpaka sura aliyoiweka, na jina lake hawakuwa nalo. Redio alisema pengine wangeulizia kwa mwenye duka la dawa, mtu mwenye mtoto mchanga lazima amewahi kununua kitu. Shangazi alisema hilo ndilo neno la kwanza la maana tangu asubuhi. Cheche alisimama, upanga mkononi, akatafuta gunia la kuufunika asiwatishe watu.

Hakuwahi hata kulipata. Mwanamke mmoja alikuwa anakuja kutoka upande wa duka la dawa, mtoto mgongoni, kanga ya kichwani imefungwa kwa haraka. Alikuwa anatembea huku anatazama vibanda, mtu anayetafuta mahali alipoelekezwa. Alipouona upanga mikononi mwa Cheche, uso wake ulilegea, akatabasamu.

— Shikamooni. Afadhali, kumbe alifika.

— Marahaba, mama, alisema Redio. — Nani huyo?

— Baba watoto. Ninyi ndio wale mnaojua habari za mapanga?

Mwanamke aliendelea, maana alikuwa na furaha, na furaha ilimfanya aongee.

— Nimekuja kushukuru. Huyu mtoto alishikwa na homa siku ile ile upanga uliporudi nyumbani kutoka kwenu. Tumempeleka kila mahali, dawa inaingia, homa haishuki. Baba yake halali, anakaa tu anautazama upanga. Nikamwambia uondoe, hataki, anasema ukiondoka uchi utaondoka na mtu. Basi leo asubuhi naamka, namgusa mtoto, wa baridi, jasho limemkauka, ananyonya kama hakuwahi kuumwa.

Alijigeuza kidogo ili wamwone. Mtoto alikuwa macho, anawatazama mmoja mmoja kwa utulivu, ngumi mdomoni. Alitaka kusema maji, ni maji tu mama, ala ilivimba.

— Na baba yake yuko wapi? aliuliza Shangazi, polepole sana.

— Si yupo hapa? Alitoka kabla hakujapambazuka, kauviringisha upanga kwenye shuka, ala kaibeba kwapani. Nikamwambia, nusu usingizini, sasa hivi wazee wa watu bado wamelala. Akasema ataketi benchini mpaka mfike. Nimemsubiri, kimya, nikajua mmemkalisha kwa mazungumzo.

Alitazama ndani ya banda. Alitazama uchochoroni. Tabasamu lilikuwa bado lipo, ila halikuwa na pa kushika.

— Alisema anakuja kuwauliza jambo moja tu, kisha anarudi tunywe chai. Kama damu ya baba inakubalika badala ya ya mtoto.

Cheche aliutazama upanga mkononi mwake, uliotoka nyumbani kwao uchi na sasa umo alani wote, umeoshwa kwa sabuni. Redio aliinamia kikombe chake kitupu. Mapazia alikuwa ameushika utepe wake kwa mikono miwili, hauvingirishi tena.

— Mlimjibuje? aliuliza mwanamke.

Alisubiri, akimpigapiga mtoto mgongoni, akiwatazama mmoja baada ya mwingine.